Persepolis Ilikuwa Nyumba ya Miti

Picha za Persepolis, magofu ya jumba la wafalme wa Uajemi huko Iran, zina kasoro moja: hupigwa kana kwamba jengo limekamilika. Nguzo ndefu za mawe, anga ya buluu, mtalii mwenye kofia amesimama chini ili tupate kipimo, basi. Mtu anafunga ukurasa akiamini kwamba wafalme wa Uajemi walikuwa watu wa mawe. Hebu zitazame tena nguzo 13 zilizobaki wima katika ukumbi wa Apadana. Zimebeba nini? Hewa. Wala hakuna fundi anayesimamisha nguzo ibebe hewa. Kilichokuwa juu yake kilikuwa miti, na miti hiyo iliteketea mwaka 330 KK, Alexander wa Makedonia alipolitia jumba moto. Waandishi wa kale hawakubaliani kama alifanya hivyo kwa ulevi au kwa kukusudia. Ila Curtius, Mrumi, anatoa sababu ya moto kushika upesi namna ile: sehemu kubwa ya jumba ilijengwa kwa mierezi.

Kwa hiyo mimi nasema Persepolis ilikuwa nyumba ya miti iliyosimamia miguu ya mawe. Tumebaki kuistaajabia miguu.

Chukua vipimo. Ukumbi wa kati wa Apadana ni mraba wa kama mita 60 kila upande, una nguzo 36 katika safu sita za sita, na baraza zake tatu zilikuwa na nguzo 36 nyingine. Kila nguzo ina urefu unaokaribia mita 20. Hayo yote utayakuta kwenye kijitabu chochote cha watalii. Kipimo ambacho wengi hukipita ni nafasi iliyopo kati ya nguzo na nguzo: karibu mita 9. Nenda Karnak, Misri, katika ule ukumbi wa nguzo 134, uone zilivyobanana kama abiria wa daladala jioni. Paa la Karnak lilikuwa la mawe, na jiwe likilazwa kutoka nguzo hadi nguzo haliwezi kuwa refu, litavunjika katikati kwa uzito wake lenyewe. Mti hupinda kidogo ukavumilia. Ile nafasi ya mita 9 ni saini ya mti, na haihitaji hata kipande kimoja cha ubao kibaki ili tuisome.

Mtu wa pwani haelezwi jambo hili mara mbili. Ukilala katika nyumba ya mawe ya Lamu au Mji Mkongwe, utaona chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake unazungukia mita tatu hivi, na ukitazama juu utaziona boriti za mikoko zimepangwa moja baada ya nyingine. Mwenye nyumba awe na fedha kiasi gani, chumba kiliishia pale boriti ilipoishia. Fundi alianza na mti, ukuta ukafuata.

Sasa ichukue hesabu hiyo hiyo uende nayo Apadana. Juu ya kila nguzo ya ukumbi wa kati kulikuwa na kichwa cha jiwe kilichochongwa mafahali wawili waliopeana migongo, na kati ya shingo zao pana nafasi kama tandiko la punda. Hapo ndipo boriti ilipokaa. Juu ya boriti kuu zikapita boriti nyingine, kisha fito, kisha mikeka ya matete, kisha udongo ulioshindiliwa. Paa la namna hiyo lina uzito wa kutisha. Tunajua sura yake kwa sababu mfalme Dario wa Kwanza alipochongewa kaburi kwenye jabali la Naqsh-e Rostam, mbele ya kaburi pakachongwa uso wa jumba: nguzo, mafahali, ngazi za boriti, hata ncha za boriti ndogo zinazochungulia kwa juu kama meno. Mchonga mawe alinakili kazi ya seremala.

Mti wa kufika mita 9 na zaidi, ulionyooka, mnene, usio na fundo la kuutia udhaifu, unatoka wapi? Mkoa wa Fars, ambamo Persepolis imo, si nchi ya miti hiyo. Milima yake ina milozi mwitu, pistashio pori, na kuelekea Zagros kuna mwaloni, tena mwaloni mfupi uliojikunja, kila mmoja na uwanja wake. Mireteni ipo juu kwenye baridi. Miberoshi ipo katika mabonde fulani, na kandokando ya vijito kuna mwaramoni, ule ambao Wairani huuita chenar. Kijijini leo fundi akitaka kuezeka anatumia mlubna, mwembamba, unaokua haraka, anaoupanda mwenyewe kwenye mfereji. Mti ulioachwa peke yake juani hutanua matawi, na kila tawi huacha fundo. Mti uliosongwa na wenziwe hukimbilia juu kutafuta mwanga, na shina lake huwa safi. Boriti ndefu isiyo na mafundo ni ushahidi kwamba mahali fulani palikuwa na msitu mnene. Paa la Apadana, kwa urefu wake tu, linaungama kile ambacho milima ya jirani ilikuwa nacho kwa uhaba.

Dario mwenyewe hakuona aibu kuungama. Alipojenga jumba lake la Susa (ndiyo ile Shushani ngomeni ya Nehemia na Esta katika Biblia) aliandikisha waraka wa ujenzi kwa lugha tatu, Kiajemi cha Kale, Kielami na Kiakadi, na waraka huo ni orodha ya mizigo. Mwerezi uliletwa kutoka mlima uitwao Lebanoni. Watu wa Ashuru wakaufikisha Babeli, na kutoka Babeli Wakaria na Wayunani wakaufikisha Susa. Mti uitwao yaka ukaja kutoka Gandara na Karmania, mikoa ya mashariki ya milki. Dhahabu ya Sardi na Baktria, pembe za ndovu za Kushi, Sindi na Arakosia, fedha na mti mweusi kutoka Misri. Kisha wanatajwa mafundi: waliofanya kazi ya mbao walikuwa watu wa Sardi na Wamisri.

Hapa nina ugomvi na wengi wanaoandika habari za Uajemi. Wanauchukua waraka huu wanaubandika Persepolis, kana kwamba majumba yote mawili yalinunua miti katika duka moja. Waraka ni wa Susa. Susa iko kwenye uwanda wa Khuzestan, chini, na gogo lililoelea Frati hadi Babeli linaweza kuendelea kusogea kwa maji kwa sehemu kubwa ya safari iliyobaki. Persepolis iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, nyuma ya kuta za Zagros. Mto haupandi mlima. Gogo la mwerezi likitoka uwandani kwenda Fars linapanda kwa ng'ombe, kamba na migongo ya watu, na gharama yake si ile ya gogo la Susa. Mfalme aliiweza gharama hiyo, sikatai, na Curtius ametaja mwerezi. Ila penye gharama kubwa hivyo, mwenye kujenga huchagua: mwerezi mahali pa kuonekana, mti wa karibu kwingineko. Ndiyo maana kila kipande cha mkaa kinafaa kuhojiwa peke yake, kisisemewe na waraka wa jumba jingine.

Na mkaa unahojika. Watu hudhani kilichoungua kimepotea, kumbe kwa mti ni kinyume. Mbao nzuri zikiachwa bila ulinzi huliwa na mchwa, huoza, au huibwa zikawe paa la mtu mwingine. Mkaa hauna mlaji. Ukikizika miaka 2,300 ukakifukua, kipande cha ukubwa wa ukucha bado kina seli zake zote mahali pake. Mchunguzi hukivunja kwa vidole ili apate uso mpya, kama unavyovunja kipande cha sukari guru, akauweka chini ya hadubini. Kwanza anaangalia pete za mwaka. Zikiwa zimepinda sana, kile kilikuwa kijiti au tawi, na zikiwa karibu zimenyooka, kipande kilitoka nje ya shina nene. Zikiwa zimebanana, mti ulikua kwa taabu, mahali pa baridi au pa ukame. Halafu anasogea karibu zaidi, hadi kwenye vitundu vidogo vinavyopitisha maji kutoka seli hadi seli. Kila kitundu kina kifuniko cha duara katikati. Katika miti mingi ya jamii ya misonobari ukingo wa duara hilo ni laini. Katika mwerezi ukingo umekatwakatwa mawimbi madogo, kama pindo la kitambaa cha kufuma kwa sindano. Hiyo ndiyo alama ya mwerezi, na hakuna mfalme wala mwandishi wake anayeweza kuighushi. Mberoshi na mreteni, bahati mbaya, ni mapacha, na kuwatenga kwa mkaa mtupu ni kazi ya kutoa jasho.

Kujua jina la mti hakutoshi kujua kwao. Hapo huja kemia: mizizi hunywa maji yaliyopita kwenye miamba, na madini ya strontiamu kutoka mwamba huo huingia katika mbao kwa uwiano wa mahali hapo. Mlima wa chokaa una uwiano wake, mlima wa volkano una wake. Njia hii imetumika kwingineko kufuatilia boriti za majumba ya kale hadi milima zilikokatwa, ingawa mkaa uliolala karne nyingi kwenye udongo wenye maji huwa umeshakunywa madini ya pale ulipolala, na mtaalamu asiye mwangalifu hudanganyika.

Kuna mtego mwingine, wa umri. Kipimo cha kaboni husema pete ile iliota lini, hakisemi boriti ilipandishwa lini. Mwerezi huishi karne kadhaa. Kipande cha katikati ya shina kinaweza kuwa tayari na umri wa miaka 300 siku mti ulipoangushwa, na boriti nzuri huhama nyumba. Susa yenyewe ni mfano. Artashasta wa Pili, mfalme wa baadaye, aliandika kwamba ukumbi uliojengwa na Dario uliungua zama za babu yake Artashasta wa Kwanza, naye akaujenga upya. Ukumbi mmoja, paa mbili, na kati yake miaka mingi ya kupanda na kukata miti. Mkaa wa paa la kwanza na wa paa la pili si shahidi mmoja.

Yapo majengo ambayo hata nguzo zilikuwa miti. Katika Hazina ya Persepolis nguzo zilikuwa magogo yaliyosimamishwa juu ya vitako vya mawe, yakapakwa lipu na rangi, mpaka mgeni asijue kilicho ndani. Katika Hazina hiyo hiyo zimepatikana kumbukumbu za malipo kwenye vibao vya udongo, na kimojawapo kinaagiza fedha alipwe seremala Mmisri aitwaye Haradkama, msimamizi wa watu mia. Waraka wa Dario ulisema seremala ni Wamisri, na hapa tuna mmoja wao na jina lake, kwenye karatasi ya mishahara. Huyu ninamwamini kuliko waraka wote wa mfalme.

Turudi kwenye ule mti mweusi wa Misri na ule uitwao yaka, maana hapo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kukohoa kidogo. Yaka, wengi wa wataalamu wanakubali, ni mti ambao kusini mwa Iran bado unaitwa jag, na kwa jina la kisayansi ni Dalbergia sissoo. Mti mweusi waraka unauita jiwe-mti, na ndio mpingo ambao Misri iliupata kutoka kusini yake. Mbao nyeusi za makaburi ya Misri zilipochunguzwa, nyingi zilikutwa ni Dalbergia melanoxylon, mpingo ule ule wa Lindi na Mtwara, mti ambao wachongaji wa Kimakonde pale Mwenge wanaukata kwa patasi wakilalamika ugumu wake. Jiwe-mti! Huenda seremala wa Dario naye alilalamika. Mpingo una eneo kubwa Afrika, sidai gogo lilitoka Kilwa, lilitoka upande wa Kushi. Herodoto, mwanahistoria wa Kiyunani, anaandika kwamba Wakushi waliopakana na Misri walipeleka kwa mfalme, kila mwaka wa pili, magogo 200 ya mpingo, pamoja na dhahabu isiyosafishwa, pembe kubwa 20 za ndovu, na wavulana watano. Katika orodha ile wavulana wametajwa kati ya mizigo, bila jina hata moja. Yaka na mpingo, basi, ni ndugu wa jenasi moja, mmoja katoka mashariki na mwingine magharibi, wakakutana kwenye chumba cha mfalme Susa.

Kutoka hapa ni rahisi kuteleza kwenye hadithi inayopendwa siku hizi: wafalme walimaliza misitu. Sikubaliani nayo, angalau si kwa wepesi huo. Piga hesabu. Ukumbi wa kati wa Apadana una safu sita, kila safu ina nafasi saba toka ukuta hadi ukuta. Hiyo ni 42. Weka boriti mbili sambamba kila nafasi, unapata 84. Ongeza zinazopita juu yake, ongeza baraza, utafika mamia. Ni miti mingi kwa mkataji, michache kwa msitu. Majiko ya kila nyumba, tanuri za matofali na za shaba, na mbuzi wanaotafuna mche kabla haujafika gotini, hivyo havikuandikiwa waraka wa lugha tatu, na vilifanya kazi kila siku kwa maelfu ya miaka. Lebanoni nayo haikukatwa na Waajemi peke yao. Misri ilitangulia, Ashuru ikaja, Nebukadneza akachonga kwenye mwamba wa Wadi Brisa majigambo ya kupasua njia milimani ili kushusha mierezi. Na baada ya Waajemi, Hadriani wa Roma alilazimika kuandika kwenye mawe ya Lebanoni, mahali kwa mahali, kwamba aina nne za miti ni mali ya kaisari. Tangazo la namna hiyo huwekwa na mtu aliyekwisha kuona uhaba.

Ushahidi wa upande wa pili unatoka matopeni. Chavua ya maua hurushwa na upepo, hutua ziwani, hujipanga tabaka kwa tabaka. Ziwa Zeribar, kaskazini mwa Zagros, limeonyesha kwamba mwaloni ulichelewa sana kurudi baada ya enzi ya barafu, ukaenea kikamilifu kama miaka 6,000 tu iliyopita. Msitu wa mwaloni ambao tunauita wa asili si mkongwe kuliko vijiji. Na Ziwa Maharlou, karibu na Shiraz, si mbali na Persepolis, limehifadhi chavua ya mizeituni, mijozi, mizabibu na miaramoni katika matabaka ya zama za milki kubwa za Uajemi. Hii ni miti ya kupandwa na kumwagiliwa. Kibao kimoja cha Persepolis kinahesabu miche ya miti ya matunda, mitofaa na miforosadi ikiwamo, kwa maelfu. Koreshi Mdogo, mwanamfalme wa Uajemi, alimwonyesha mgeni wake wa Sparta bustani ya Sardi akajisifu kwamba miti mingine aliipanda kwa mikono yake. Xerxes, njiani kwenda kupigana na Wayunani, alikutana na mwaramoni mzuri akauvika mapambo ya dhahabu na kuuachia mlinzi. Mtu mwenye jeshi lile anasimama kuupamba mti! Milki hii ilivuta boriti toka Lebanoni ikasukuma miche kuingia Fars. Ukiandika habari ya shoka peke yake umeandika nusu.

Bustani zao zilizungushiwa ukuta, na neno la Kiirani la ukuta unaozunguka likaenda mbali. Wayunani wakalifanya paradeisos, Waebrania pardes, Waarabu firdaus, na sisi Firdausi, ambayo tunaiomba kila siku bila kukumbuka ukuta wala mfereji. Nehemia alipokuwa Shushani alimwomba Artashasta barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya boriti za milango ya Yerusalemu. Katika Kiebrania, pale penye msitu pameandikwa pardes. Maana yake msitu ulikuwa na uzio, na mlinzi, na mti haukutoka bila barua. Artashasta huyo kwa wanahistoria wengi ndiye wa Kwanza, yule ambaye zama zake ukumbi wa Susa uliungua.

Karne ya 10 aliishi mwanajiografia al-Istakhri. Nisba yake inamtaja mtu wa Istakhr, mji uliokuwa kilomita chache tu kutoka magofu ya Persepolis, na paa la Apadana lilikuwa limeungua zaidi ya miaka 1,200 kabla yake. Fars ilikuwa bado haina miti mirefu ya kutosha. Akiielezea Siraf, bandari tajiri ya pwani ya Fars, anasema nyumba zake za ghorofa zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Biashara hiyo iliendelea hadi karne ya 20, majahazi yakipakia boriti za mikoko Lamu na Rufiji kwenda Ghuba, ambako huitwa chandal. Chukua kamba upime chumba cha nyumba ya kale ya Bushehr, kisha upime cha Lamu. Upana unakaribiana.